Maziwa Niliyoyawekea Saa

Elie mwanangu,

Habari za mizigo, za funguo na za namna ya kuishi vizuri na mwenye nyumba, mama yako ameshakueleza tangu asubuhi, na najua atakueleza tena kesho gari likishawaka. Mimi hayo nayaacha. Nimekaa hapa kibarazani, jua la Jumapili bado lipo, ninyi mko ndani mnafunga vitu vyenu vya kuhamia Rumonge, na mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka ishirini na miwili, umri wako kamili, na jana ulinilazimisha nilitoe.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nakaza bomba la bafuni. Dirisha la chumba chenu lilikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio si bomba, hayana robine ya kufunga. Mjukuu wangu Keza alikuwa analia, na mkeo Divine akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mi naona maziwa yangu inapunguka." Wewe ukamjibu haraka, "Ni kweli, we hauna maziwa. Tufike kwanza Rumonge, nitanunua maziwa ya kopo, tumalize hii mambo." Kisha kukawa kimya. Spana ikanitoka mkononi, kwa sababu maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyasema mimi, na mtoto aliyekuwa analia alikuwa wewe.

Baba mkwe hawezi kumfuata mke wa mwanawe akaanza kumweleza habari za kunyonyesha. Ningemwaibisha Divine, na mama yako angenihamishia mkeka karakana nikalale na mabomba yangu. Ndiyo maana naandika, na naandika kwako. Usione haya kusoma. Mimi nimeona haya ya kututosha sote wawili.

Ulizaliwa hapahapa Kinama, wakati watu walikuwa wanarudi baada ya vita na kuinua nyumba zao upya. Kila mtu alitaka bomba, na fundi wa maji alitafutwa kama daktari. Nilikuwa kijana, nina kazi nyingi mkononi na kiburi kingi zaidi kichwani. Nilijiona najua kila kitu kinachotiririka.

Na maji ya huku kwetu unayajua. Yanakuja yanapotaka yenyewe, yanakatika siku mbili, siku tatu. Sisi wote tumelelewa na bidoni, madumu ya maji. Ukiwa na maji kidogo unafunga, unangoja tanki lijae, ndipo unagawa. Mwenye kufungua kila saa anabaki na matope ya chini. Hiyo ndiyo akili ya mtaa mzima, na kwangu ilikuwa pia ndiyo mkate wangu.

Siku ya nne baada ya wewe kuzaliwa, wageni walijaa nyumbani tangu saa sita. Wewe ulipita mkono kwa mkono mchana mzima, kila shangazi na kila jirani akitaka kukubeba, na mama yako hakukupata hadi jioni. Alipokupata, kifua chake kilikuwa kimejaa hadi kimekuwa kigumu, maziwa yanadondoka yenyewe kwenye nguo. Alikuwa anaumia, maskini, anauma kona ya kitenge. Mimi nikafurahi kama mtu aliyefunga mabomba ya kanisa zima. Nikamwambia, "Unaona Goreth? Tanki imejaa sababu ulingoja."

Basi kesho yake nikanunua saa ya ukutani nikaigongomea juu ya kitanda. Nikatoa amri. Asubuhi mara moja, mchana mara moja, jioni mara moja, usiku mara moja. Katikati ya hapo, ukilia, upewe maji ya sukari kwa kijiko, ili tanki lipate muda wa kujaa. Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake mzazi alikuwa mbali, Ruyigi, na hapakuwa na mwanamke mtu mzima ndani ya nyumba hii wa kunishika sikio. Akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua mambo ya maji.

Siku za kwanza mpango ulionekana unakwenda. Kisha lile tanki langu likaanza kuchelewa kujaa. Ikifika saa ya mchana kifua laini, ikifika jioni laini. Nikasema tungoje zaidi. Nikarefusha muda. Elie, mimi baba yako niliona maziwa yanapungua nikaamuru yapewe nafasi zaidi ya kupungua, na nilifanya hivyo kwa upendo. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba sikuwa mtu mbaya hata kidogo. Niliamka mapema kumpikia uji wa mtama. Nilimletea sombe ya majani ya muhogo na ndagala za ziwani, nikamletea juisi ya matunda, nilimletea kila kitu isipokuwa mtoto wake.

Ikaja ile Jumamosi ambayo dada yangu mkubwa alikuja kumhemba mama yako, kumpongeza kwa uzazi, na wenzake wa kwaya, wamebeba vikapu na sabuni na furaha. Sebule ilijaa. Dada yangu akakufunua, akakuangalia sana, akaniuliza mbele ya watu, "We Fundi, mbona mutoto yuko mudogo hivi?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tutampeleka apimwe. Nikasema, "Ni mama yake. Hana maziwa."

Wanawake wale walimgeukia wote pamoja. Mama yako alikuwa amesimama na jagi, anawamiminia juisi. Alimaliza glasi aliyokuwa anaijaza akaenda kwa mgeni mwingine. Tangu siku ile, ulipokuwa unalia, alikuwa ananiangalia mimi kwanza kabla ya kukunyanyua. Anaomba ruhusa kwa macho, mama wa mtoto, ndani ya nyumba yake. Na mimi nilikuwa naangalia saa.

Kisha ukaacha kulia. Nilitangaza kila mahali kwamba nimepata mtoto mwema, mtoto mpole, analala kama mzee aliyestaafu. Aliyeniamsha ni jirani yetu wa wakati ule, Mama Riziki, mwanamke wa Uvira aliyekuwa anauza mboga sokoni Mutakura na aliyekuwa haogopi mtu. Alinisimamisha mlangoni asubuhi mkoba wa vifaa uko begani mwangu.

"Baba Elie, mi naangalia kamba yenu siku tatu sasa. Nepi ni mbili tu. Mutoto wenu hakojoe?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Ni mutoto mwema, analala tu."

"Analala? Apana. Huyo hana nguvu ya kulia. Weka hiyo mukoba chini, tuende."

Alisema "tuende" kama tayari tuko njiani. Akaingia ndani, akakutoa kitandani, akamfunika mama yako kitenge mabegani, na mimi nikafuata nyuma yao kama mtu anayepelekwa polisi. Pale kituo cha afya walikuvua nguo. Mimi sikuwa nimekuona bila nguo tangu siku uliyozaliwa, maana ulikuwa unafunikwa mablanketi yote ya wageni. Miguu yako ilikuwa imekunjamana ngozi kama soksi kubwa. Wakakuweka kwenye mizani, na mshale ukasimama chini ya pale uliposimama siku uliyozaliwa.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka. Hakunikaripia. Aliuliza unanyonya mara ngapi, na kabla mama yako hajafungua mdomo mimi nikamweleza ule mpango wangu, wa saa, wa kungoja, wa kijiko. Nilieleza vizuri kabisa. Aliniacha nimalize.

"Na ni nani alipanga hivyo?"

"Ni mimi. Mi ni fundi wa maji."

"Papa, sikia. Tanki inajaa kama umefunga. Ziwa inajaa kama mutoto anavuta. Ukiiacha imejaa, mwili inasema, basi, hawataki tena, na inaacha kutengeneza. Huyu mama hakukosa maziwa. Ni we ulimufunga."

Mwanangu, nilibaki mdomo wazi. Si kwa aibu, aibu ilikuja baadaye njiani. Nilishangaa kama fundi. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kusikia habari ya chombo kinachojaa kwa kumwagwa. Nilijaribu kukichora kichwani nikashindwa: bomba linaingilia wapi, kipimo kiko wapi, ni nani anayepeleka habari kwamba mtoto amemaliza na anataka tena? Muuguzi alikuwa ameshaniacha na maswali yangu, yuko na mama yako. Akamwonyesha namna ya kukushika, tumbo kwa tumbo, akangoja mdomo wako ufunguke sana kabla ya kukusogeza. Akamwonyesha namna ya kukamua kwa mkono, kwa upole, kwenye kikombe kilichochemshwa. Akasema unyonye kila saa unayotaka, pande zote mbili, mchana na usiku, na kama umelala uamshwe. Maji ya sukari basi. Na kwa kuwa ulikuwa dhaifu, akatupatia maziwa ya kopo kidogo ya siku chache, unywe kwa kikombe baada ya kunyonya, na turudi siku ya tatu kupima tena. Kwa hiyo kopo silitukani, Elie. Wakati ule lilikuwa dawa yako, kwa kipimo cha mtu aliyejua anachofanya.

Tulirudi kwa miguu. Mama yako alikubeba kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge, kama alivyoambiwa, na njia nzima hakuniangalia. Nilipofika nikaing'oa saa ukutani. Nikaketi nikajiuliza, sasa mimi nifanye nini? Mwanamume hajui kukaa katika nyumba ambayo jambo kubwa linafanyika na yeye hana kifaa cha kushika.

Kazi ilikuwepo. Nilichemsha kikombe. Nilifua nepi zako na kuzianika mwenyewe, na vijana wa karakana walipita wakanicheka hadi wakashika ukuta. Nilipika ugali mbaya. Nilisimama mlangoni, na wageni walipokuja niliwaambia mzazi analala, asanteni, acheni kikapu. Dada yangu alinuna mwezi mzima. Kwa watu wetu kumzuia mgeni aliyekuja kuhemba ni kitu kama kumtukana, na mimi niliwatukana kwa adabu, mmoja mmoja, hadi wakazoea.

Siku ya kwanza alikamua muda mrefu na kilichopatikana hakikufunika chini ya kikombe. Matone. Aliyaangalia akalia, na mimi nilikuwa karibu kusema lile neno tena, nalisikia limefika kwenye meno. Nikafunga mdomo. Nikakunywesha matone yale kwenye ukingo wa kikombe, ukayalamba kama paka. Siku ya tatu mizani haikupanda. Muuguzi akasema haikushuka pia, endeleeni. Ni rahisi kuliandika hili, lakini kuendelea wakati huoni kitu ni kazi ngumu kuliko kuchimba mtaro wa bomba kwenye mawe, na aliyeifanya ni yeye. Alikuweka kifuani, ukalala, akakuamsha, akakuweka tena. Mgongo ulimuuma. Chuchu zilipasuka. Hakuwa na ushahidi wowote kwamba itafaa.

Siku ya tano au ya sita, mchana, mvua ilikuwa imekatika, nilikutoa hapa kibarazani upate hewa na yeye asinzie. Ukaanza kulia. Kilikuwa kilio kipya, chenye mapafu, na mimi nikafurahi nikakuacha ulie kidogo ili nikisikie. Mlango ukafunguka. Mama yako alikuwa amesimama pale, gauni limelowa mbele, duara mbili zinazidi kupanuka huku naziangalia. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa kitandani, amefumba macho, mtoto wake akalia nyuma ya ukuta, na maziwa yakasikia yakaja.

Mimi nimefunga mabomba kutoka Buterere hadi mjini. Sijawahi kuona bomba linalosikia.

Alikuchukua mikononi mwangu bila kuniangalia kuomba ruhusa. Akaketi palepale kwenye ngazi, akakuweka, na nikasikia koo lako linafanya kazi. Unavuta, unameza. Unavuta, unameza. Maziwa yalikuzidi yakatoka pembeni mwa mdomo, yakapita shavuni hadi sikioni, na hukujali. Mkono wako mmoja ulikuwa umefunguka, vidole vyote vitano, unaupiga kifua chake polepole kama mtu anayebisha hodi mahali anapojulikana. Nilivua kofia. Sikujua nimeivua hadi nilipoiona mkononi. Nilisimama kama ninavyosimama kanisani wakati wa mageuzo, padri anapoinua mkate, na nakwambia ukweli, sijui kama nimewahi kusimama vile kanisani.

Uji, sombe, ndagala na maji ya bidoni viliingia ndani ya msichana wa miaka kumi na tisa, na kilichotoka kilikuwa wewe. Mashavu yako, mapaja yako, hiyo sauti yako ya kugombana na redio. Lile kopo lilipoisha, hadi miezi sita hukula kitu kingine. Nikikuona unapita mlangoni umeinama kwa urefu wako, bado nashangaa. Watu wanasafiri kwenda kuona maajabu, na mimi niliyaona kwenye ngazi ya nyumba yangu nikiwa nimevaa kandambili.

Sasa tuje kwa Keza. Leo baada ya misa nilifanya kama Mama Riziki, nikaangalia kamba. Nepi saba, zote za tangu jana, na mama yako alikuwa anasuuza nyingine. Nimeyaona mapaja ya Keza yalivyojaa. Nimemsikia anameza. Kadi yake ya kituo cha afya mama yako amenionyesha, ule mstari unapanda. Huyo mtoto anakunywa, Elie. Mwezi wa kwanza ukiisha, kifua hakijai tena kama mwanzoni hadi kuuma, kinakuwa laini, na kila mama mpya anaogopa kwamba maziwa yamekwenda. Kwa mtoto mwenye afya kama huyu, mara nyingi ni mwili umejua tu kiasi cha kutengeneza. Na hiyo ya jioni, kutaka kunyonya kila dakika, ndivyo mtoto anavyoagiza maziwa ya kesho. Hayo nimeambiwa na waliojua, sikuyatunga kama ile saa. Mkifika Rumonge tafuteni kituo cha afya mumpime. Siku ukiona kamba haina nepi, au mtoto analala sana na hataki, usingoje na usione haya, kimbia naye.

Lakini mimi sikukaa hapa kukuandikia kwa sababu ya maziwa ya Divine. Maziwa yapo. Nimeandika kwa sababu ya ule ukimya uliofuata baada ya wewe kusema. Nilikuwa nje ya dirisha na niliusikia, na ulikuwa uleule wa mama yako siku ya juisi.

Leo mchana mama yako alikuwa anaanua nguo. Nikamfuata. Nilikuwa sijawahi kulisema, unaelewa? Tulipona, ukanenepa, nikafikiri furaha imelifunika jambo lile. Nikamwambia, "Goreth, siku ile nilisema mbele ya watu kwamba huna maziwa. Nisamehe."

Akauliza, "Siku gani?"

Nikapumua. Nikadhani amesahau.

Akasema, "Ile dada yako alivaa kitenge ya njano? We ulikuwa umekaa karibu na mulango. Mi nilikuwa namimina juisi, nikahesabu glasi nisilie. Zilikuwa kumi na moja." Aliendelea kukunja shuka. Kisha akasema, polepole, bila hasira, "Nilingoja useme. Halafu nikaacha kungoja."

Akanipa ncha mbili za shuka tukunje pamoja, tukakunja.

Barua hii nitakupa leo, kabla hatujakaa kula, ili usije ukaisomea njiani. Divine yuko chumbani na mtoto. Wewe ulisema jana. Imepita siku moja tu. Usiikunje karatasi hii, iache hapo ulipo, uende kwake sasa hivi. Sisi na chakula tutawasubiri.

Baba yako